Nani Alikufundisha Gita?

Kwetu Kivu, mtu mzima akikutana na kijana asiyemjua, mara nyingi haanzi kwa kumuuliza jina lake. Anamuuliza: "Weye ni mutoto ya nani?" Baba akishajulikana, na kijiji kikishajulikana, ndipo mazungumzo yanaendelea. Wanamuziki nao wana swali lao linalofanana na hilo. Ukipiga gita mbele ya mzee aliyepitia orkestra za zamani, ukamaliza, hatakuambia kwanza kama umepiga vizuri ao vibaya. Atakuuliza: "Nani alikufundisha gita?"

Ndugu msomaji, tukisema desturi na mapokeo, mara moja tunafikiri mahari, matanga, ngoma za mavuno na methali za wazee. Ni vema. Lakini mimi nataka kuandika juu ya desturi ambayo wengi hawaihesabu, pengine kwa sababu ina waya na umeme: namna mkubwa wa muziki anavyompokea kijana anayempenda, anamlea, na siku moja anamwachilia aende. Naiandika kama mwalimu. Nilisomea ualimu kwenye ISP hapa Bukavu, na kila mwaka nasimama mbele ya vijana. Lakini mengi ninayojua juu ya kufundisha niliyaona kwanza kwa watu ambao hawakuwa na diploma hata moja.

Kwanza tueleze neno. Wanafunzi wangu wakisikia "African Jazz" ao "OK Jazz" huniuliza: "Prof, jazz si muziki ya Wamarekani?" Ni kweli. Jazz yenyewe ilizaliwa kwa Wamarekani weusi, na mji wa New Orleans unajulikana kwa hilo. Lakini katika miaka ya 1950 neno hilo lilikuwa limekwisha kufika Afrika na kupata maana yake ya hapa: orkestra ya kisasa, yenye gita, trompeta na saksofoni, watu wamevaa vizuri. Ndiyo maana Joseph Kabasele alipoanzisha orkestra yake Léopoldville mwaka wa 1953 aliiita African Jazz, na wenzake wa OK Jazz wakafuata mwaka wa 1956. Huko Tanzania pia kulikuwa Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz. Muziki waliopiga ulikuwa hasa rumba. Kwa hiyo nikisema hapa "mtu wa jazz", nasema mtu wa orkestra hizo.

Mimi nilikulia Kadutu. Katika miaka ya 1990, karibu na nyumba yetu aliishi mpiga gita ambaye katika ujana wake alipiga katika orkestra za huku Kivu na Maniema. Jina lake sitaliandika, kwa kuwa hakupenda mambo ya kuandikwa. Nitamwita Mzee tu. Vijana watano ao sita tulikuwa tunamzunguka kila jioni. Kazi ya kwanza aliyotupa haikuwa kupiga. Ilikuwa kubeba kiti, kufagia pale mbele ya mlango, kushika gita yake bila kuigonga, na kunyamaza. Mtu akinyoosha mkono kugusa nyuzi, alisema: "Acha kwanza. Sikiya. Mikono itakuya nyuma."

Majuma yalipita hivyo. Nyuma yake alianza kutufundisha kukaza nyuzi mpaka sauti zipatane. Halafu kidole gumba peke yake, ku nyuzi nene. Halafu gumba na kidole cha shahada pamoja, kama walivyopiga wapiga gita wa Katanga, akina Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka wa 1952. Wakati wa vita ya 1996 nyuzi zilikosekana mjini. Mzee alichukua waya wa breki ya kinga, akaufungua nyuzi kwa nyuzi, akafunga zile nyembamba ku gita. Vidole vyetu vilitoka damu, lakini gita ililia.

Kijana akileta kipande kipya, Mzee aliuliza swali lake: "Nani alikufundisha ile?" Kama kijana alijibu, "Mimi mwenyewe," alitikisa kichwa. "Hakuna mutu anajifundisha. Ulisikiya kwa nani?" Ilibidi kijana akumbuke: kwa redio, kwa mpigaji fulani wa nganda fulani, kwa korali ya parokia. Mzee hakukataa mtu kuvumbua. Alikataa tu mtu asahau ametolea wapi.

Namna hii ya kufundisha haikuanza na gita. Kwa Bashi, wapiga lulanga walirithishana hivyo hivyo: kijana anakaa karibu na mkubwa, anatazama mikono, anasikiliza hadithi inayoimbwa, na siku mkubwa amechoka anampa kijana nafasi. Gita ilipofika ilikuta kiti kimekwisha kuwekwa.

Sasa tutazame wakubwa wenyewe, wale tuliowasikia ku redio. Joseph Kabasele, Grand Kallé, alizaliwa mwaka wa 1930. Nicolas Kasanda, ambaye watu wote wanamjua kama Docteur Nico, alizaliwa mwaka wa 1939. Alipoanza kupiga na African Jazz alikuwa bado mtoto wa shule. Napenda kuwakumbusha wanafunzi wangu kwamba Nico huyo, fundi mkubwa wa gita ya solo, alimaliza masomo yake mwaka wa 1957 akiwa na cheti cha mwalimu wa ufundi. Nyuma yake alikuja kijana mwingine, Pascal Tabu. Inasimuliwa kwamba darasani aliweza kutaja jina la Denfert-Rochereau wakati wenzake walishindwa, na tangu siku ile wakamwita Rochereau. Kijana huyu alimpenda Kabasele. Alitunga nyimbo akampelekea. Kabasele hakuzitupa. Aliimba naye kwa mara za kwanza mwaka wa 1956 hivi, na kijana alipomaliza shule, mwaka wa 1959, akaingia African Jazz kabisa.

Tufikiri kidogo juu ya jambo hilo. Kabasele alikuwa mwimbaji. Rochereau pia alikuwa mwimbaji, tena mwenye sauti ambayo watu wangeweza kuipenda kuliko ya mkubwa wake. Mtu mwenye wivu angemfungia mlango. Kabasele alimfungulia. Vilevile mwaka wa 1960, African Jazz ilipokwenda Bruxelles wakati wa Meza ya Duara na kuimba "Indépendance Cha Cha", Kabasele alikutana kule na kijana wa Kamerun aliyepiga saksofoni, Manu Dibango, mtu wa jazz ile yenyewe ya Kimarekani. Alimkaribisha katika muziki wake, na mwaka wa 1961 Dibango akafika Léopoldville pamoja na orkestra. Dunia yote ilimjua Dibango nyuma yake, mpaka alipokufa mwaka wa 2020. Mlango mmoja wapo aliopitia ulikuwa wa Kabasele.

Lakini hadithi haiishii kwenye furaha. Mwaka wa 1963 Rochereau na Nico waliondoka pamoja na wenzao wakaanzisha African Fiesta. African Jazz haikupata tena nguvu yake ya mbele. Na mwaka wa 1965 wale wawili nao wakaachana, kila mmoja na orkestra yake. Watu wengi wanaisimulia habari hii kama habari ya usaliti. Mimi nafikiri tungoje kidogo kabla ya kuhukumu. Kabasele alipokufa, Februari 1983, Rochereau na Franco, ambao kwa miaka mingi walishindana, walikuwa wakirekodi pamoja; na katika kazi yao ya mwaka ule wakaweka wimbo wa kumkumbuka, wenye jina "Kabasele in Memoriam". Miaka ishirini ilikuwa imepita tangu African Fiesta. Mwanafunzi alikuwa mkubwa kuliko orkestra aliyoitoroka, lakini jina la mwalimu alilitaja mbele ya watu wote.

Jina ni jambo zito katika desturi hii, na linatembea pande zote mbili. Mara nyingine mkubwa anampa kijana jina. François Luambo alikuwa mtoto wa mama muuza mandazi, amejitengenezea gita yake ya kwanza mwenyewe. Paul Ebengo Dewayon alimfundisha, na mwaka wa 1953 Henri Bowane alimpokea katika nyumba ya kurekodi ya Loningisa akamwita "Franco". Jina hilo alikufa nalo mwaka wa 1989. Mara nyingine ni kijana anayechukua jina la mkubwa. Kabasele Yampanya, aliyeanzia kwa Grand Kallé akiwa kijana, alijiita Pépé Kallé, na kwa jina hilo aliongoza Empire Bakuba mpaka kifo chake mwaka wa 1998. Kila mara mtangazaji aliposema "Pépé Kallé", mwalimu alitajwa pia.

Na sisi wa mashariki tuna mtu wetu. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka wa 1947, katika Kivu ya zamani, ile iliyogawanywa mwaka wa 1988 kuwa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Baba yake, aliyekuwa mwanamuziki wa kienyeji, alikufa Remmy akiwa bado mtoto mdogo, na mama akamfuata mwaka wa 1964. Muziki ukawa chakula chake. Mwaka wa 1978 mjomba wake, Mzee Makassy, alimwita Dar es Salaam aingie katika Orchestra Makassy. Mjomba alimpa mtoto wa dada yake kile ambacho mkubwa wa muziki anaweza kutoa: jukwaa, wenzake, na watu wa kumsikiliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Remmy alihamia Matimila, na hapo ndipo alipokuwa Doctor Remmy, msemaji wa wanyonge. Mwaka wa 1989 albamu yake "Songs for the Poor Man" ilitoka Uingereza. Ndani yake kuna wimbo wenye jina "Muziki Asili Yake Wapi". Alikufa Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Kule Sinza kuna mahali panapoitwa mpaka leo "kwa Remmy". Mtoto wa Kindu amekuwa anwani katika mji wa watu wengine! Lakini aliyevuta kiti cha kwanza ni mjomba.

Nayasema haya yote kwa sababu ya jambo lililotokea kwetu Kadutu miaka michache iliyopita. Mwanafunzi wangu wa zamani alikuwa anapiga solo katika orkestra ndogo. Kiongozi wa orkestra ile, mtu wa miaka sitini na kitu, alimpokea akiwa na miaka kumi na mbili, akamfundisha yote. Siku moja kijana akapata mwito wa kwenda kupiga Kampala, kwa mshahara. Chef wake akakasirika sana. Alisema mbele ya watu: "Nilimutosha mu barabara. Gita ni yangu, bafle ni yangu. Aende, lakini asipige hata wimbo moja yenye nilimufundisha!" Sasa kijana angepiga nini? Hakujua kingine. Baba yake alikuja kwangu akasema: "Prof, utusaidie. Wale wawili watapigana, na mimi ninaheshimu wote wawili."

Tulikutana siku ya Mungu, nyuma ya misa, kwenye uwanja wa nyumba ya yule baba. Nilimleta Mzee wangu, ambaye wakati ule alikuwa bado hai, ametembea kwa fimbo. Mimi nilisimulia habari za Kabasele na Rochereau, kama nilivyozisimulia hapa. Chef alinisikiliza kwa adabu, lakini nikaona maneno yangu hayamgusi. Mambo ya Kinshasa ni mbali, na mwalimu wa shule anasema kama kitabu.

Ndipo Mzee akamuuliza: "Weye, nani alikufundisha?"

Chef akataja jina la mpiga gita wa zamani wa Uvira. Alilitaja vizuri, pole pole, na sauti yake ikabadilika.

"Na ulimuachaka namna gani?"

Chef akanyamaza. Halafu akaanza kucheka, akafunika uso kwa mkono. "Nilitoroka usiku, Mzee. Na kostime yake ya orkestra nilienda nayo."

Uwanja mzima ulicheka, hata mama waliokuwa jikoni. Mzee aliacha kicheko kiishe, akasema: "Huyu mutoto yeye amekuya kukuaga mu mchana. Ni weye ulimulea muzuri kuliko bile walikulea."

Kuanzia pale mambo yakawa mepesi, ijapokuwa hayakuwa bure. Walipatana mambo matatu. La kwanza, kijana asiondoke mpaka amemfundisha mwingine nafasi yake. Ilichukua miezi mitatu, na aliyefundishwa alikuwa binti wa korali, ambaye kabla ya hapo alikuwa anabeba waya tu na kutazama. La pili, popote atakapopiga, watu wakimuuliza nani alimfundisha, ataje jina la Chef na mtaa wa Kadutu. La tatu, akirudi Bukavu apite kwanza kwa Chef kabla ya kupita kwa marafiki, na aje na nyuzi. Siku ya kuondoka Chef alimpa gita. Si ile nzuri, ile ya pili, lakini alimpa.

Nimefikiri mara nyingi juu ya mapatano yale, na naona yana sheria yote ya desturi yetu. Mkubwa ana deni la mlango: aufungue kijana anapoingia, na asiufunge anapotoka. Kijana ana deni la jina: ataje aliyemlea, hata siku atakapomshinda. Na wote wawili wana deni kwa yule wa tatu, ambaye bado anabeba waya. Mkubwa akikataa kulipa deni lake, atabaki na nyimbo zake mpaka azikwe nazo. Kijana naye akikataa, atasema "nilijifundisha mwenyewe", na wale watakaomfuata hawatakuwa na mahali pa kurudi kuuliza.

Wengine wataniambia: "Prof, leo vijana wanajifunza ku simu. Mzee wa kazi gani?" Sipingi simu. Nimeona vijana wa Bagira wakijifunza ku telefone vipande ambavyo Mzee wangu angehitaji mwaka kuvifundisha. Simu inaonyesha vidole vizuri sana. Lakini simu haijui kama umekula, haijui kama baba yako ameuza gita, haikwambii "acha kwanza, sikiya". Na haikuulizi nani alikufundisha.

Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu wote, kwa ombi la nchi zote mbili za Kongo. Tulishangilia, na ilikuwa haki. Lakini kinachoandikwa kule Paris ni jina la muziki. Muziki wenyewe unakaa katika mikono ya watu, na watu hao wanazeeka. Mzee wangu amekufa. Wenzake wengi wamekufa. Mwezi wa pili 2025, vita ilipofika tena Bukavu, mtaani kwetu hapakusikika gita kwa majuma mengi, na katika kimya kile nilihesabu wapigaji wa zamani ninaowajua ambao bado wako hai. Vidole vya mkono mmoja vilitosha.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa wasomaji wa kitabu hiki, na haliombi pesa. Katika kila mtaa wa Kadutu, Ibanda na Bagira yuko mtu aliyepiga gita, ngoma, trompeta ao lulanga. Mwende kwake na daftari. Msimuulize kwanza habari za nyota za Kinshasa. Mumuulize mambo mawili: nani alikufundisha, na umemfundisha nani. Muandike majina yote mawili, na mtaa, na mwaka kama anaukumbuka. Kama jina la pili halipo, kama mzee anasema hajapata wa kumfundisha, basi msifunge daftari haraka. Mumuulize kama kesho jioni anaweza kumpokea mtoto mmoja wa kufagia mbele ya mlango.